Mzee, Muhogo na Magazeti: Tunayoyaamini Vibaya Kuhusu Uchumi wa Uganda

Sikiliza redio jioni pale Kampala, au kaa na vijana wa boda kwenye steji ya Busia saa ambazo abiria hawaonekani. Mjadala wa uchumi wa Uganda huishia kwa mtu mmoja: Rais Yoweri Museveni, ambaye wengi humwita Mzee. Sukari ikipanda, Mzee. Kahawa ikipata bei, Mzee. Barabara ikichimbika ni Mzee, ikitiwa lami ni Mzee vilevile. Kwa nchi iliyo chini ya rais mmoja tangu Januari 1986, si ajabu. Lakini ubishi wa namna hii unampendelea bila sisi kujua: anasifiwa kwa asiyoyafanya, na yale aliyoyafanya kwa mkono wake haulizwi. Vyombo vya habari, vya serikali na vya binafsi, vimechangia.

“Mzee ndiye aliyepandisha bei mwaka 2022”

Mwaka ule petroli ilipita shilingi 6,000 kwa lita, sabuni na mafuta ya kula vikawa vya kupimiwa vijiko, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 10.7 kwa hesabu za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa. Lawama ikaenda Ikulu moja kwa moja.

Chanzo kilikuwa mbali na Ikulu. Januari, madereva wa malori walikuwa wamegoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona, na nchi inayoagiza mafuta yake yote kutoka nje, mengi yakipitia Mombasa, ikakauka ndani ya siku chache. Februari vita vya Ukraine vikaanza. Ngano, mbolea na mafuta vikapanda dunia nzima. Hakuna rais wa Afrika Mashariki aliyeamua hayo. Wenye kumbukumbu watasema tumewahi kuona makali zaidi: Oktoba 2011, miezi michache baada ya maandamano ya kutembea kwenda kazini, mfumuko ulipita asilimia 30.

Sasa, alichoamua Mzee ni kitu kingine, na hicho ndicho kilistahili kubishaniwa. Alikataa kupunguza kodi ya mafuta, ambayo kwa petroli ilikuwa zaidi ya shilingi 1,400 kwa kila lita, na akakataa kufidia bei. Hoja yake ilikuwa kwamba ukifidia bidhaa ya kutoka nje unamaliza dola zako kumfaidi aliyekuuzia, kisha unabaki mikono mitupu. Kenya ilifanya kinyume: ilifidia. Aliyeishi Busia hakuhitaji mchumi wa kumweleza tofauti, kwa sababu jerikeni zilikuwa zinavuka kutoka upande ule kuja huku. Halafu Septemba, mara tu baada ya kuapishwa, Ruto akaondoa ruzuku ya petroli akisema hazina imeelemewa. Nani alikuwa sahihi? Mtu anaweza kusema Museveni aliona mbali. Mwingine atasema ni rahisi kuona mbali ukiwa hujazi tangi kwa pesa yako, na kwamba kupunguza kodi kwa miezi sita kungemwokoa mchuuzi wa nyanya asiishiwe mtaji. Mimi nina huruma na huyu wa pili. Lakini huo ndio ubishi wenyewe.

Je, wasomaji waliupata? Walipata muhogo. Katika hotuba ya Mei Mosi, Mzee aliwaambia watu kwamba kama mkate hakuna wale muhogo, na kwamba yeye mwenyewe mkate hali. Kwa wiki nzima nchi ilizungumza muhogo: picha za kuchekesha, vichwa vya habari, wapiga simu redioni. Sisemi haikuwa habari. Kiongozi akimjibu hivyo mtu anayelala na njaa, lazima iandikwe. Tatizo ni kwamba ilimeza hoja ya kodi na hoja ya dola, na mawaziri walishukuru kimya kimya.

Jambo jingine lililopita bila kelele ni kwamba kati ya Juni na Oktoba mwaka huohuo Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 6.5 hadi 10. Aliyekuwa na mkopo wa benki aliumizwa na hilo kuliko hotuba yoyote. Kwa Katiba, ibara ya 162, Benki Kuu haipokei amri ya mtu katika kazi hiyo. Kwa hiyo hata hapo, anayestahili kuulizwa kwanza yuko mtaa mwingine.

“Kodi ni kazi ya Bunge, rais hahusiki”

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya wale wanaomtetea. Kisheria wana haki: ibara ya 152 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Ila sheria ni karatasi, na wazo lina mwenyewe.

Machi 2018 Museveni alimwandikia waziri wa fedha, Matia Kasaija, akilalamikia olugambo, yaani umbea wa mitandaoni, na kutaka watumiaji wa WhatsApp, Facebook na wenzao walipie. Julai ya mwaka huohuo kodi ikaanza: shilingi 200 kwa siku, ukitaka kufungua tu. Pamoja nayo ikaja kodi ya pesa za simu ya asilimia moja, ambayo baada ya makelele ilipunguzwa hadi nusu asilimia, ikabaki kwenye kutoa pesa.

Nini kilitokea? Watu walijifunza VPN, programu ya kuficha unachofungua mtandaoni, ndani ya siku chache, hata wazee waliokuwa hawajui kubadilisha mlio wa simu. Mamlaka ya mapato ilitarajia shilingi bilioni 284 kwa mwaka wa kwanza, ikapata karibu bilioni 50. Mwaka 2021 kodi ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 juu ya bando la intaneti, ambayo haikwepeki kwa VPN. Hapa mkono wa rais unaonekana waziwazi, tangu barua hadi matokeo, na magazeti yaliifuatilia vizuri kwa sababu barua ilikuwapo. Penye karatasi, mwandishi wetu ni hodari. Penye hotuba tupu ndipo anapoyumba.

“Uganda ilishaingia kipato cha kati” — na ndugu yake, “takwimu zote za serikali ni uongo”

Juni 2022, katika hotuba ya hali ya taifa, rais alisema pato la kila Mganda limefika dola 1,046 na kwamba tumevuka mstari wa kipato cha kati cha chini. Vyombo kadhaa viliandika hivyo hivyo kama habari ya ushindi. Benki ya Dunia ilipotoa orodha yake, Uganda ilikuwa palepale kwenye kipato cha chini.

Hakuna aliyelazimika kudanganya ili hilo litokee. Serikali ilitumia pato la ndani, yaani kila kinachozalishwa ndani ya mipaka, faida za kampuni za kigeni zikiwamo. Benki ya Dunia hutumia pato la taifa, ambalo linaondoa kinachorudi kwa wenyewe ng'ambo na kuongeza kinachotoka huko, kisha inalainisha thamani ya sarafu kwa wastani wa miaka mitatu. Mstari wenyewe nao husogezwa kila Julai. Mwandishi mwenye nusu saa angeweza kueleza haya kwa aya mbili. Badala yake tukapewa “Rais asema” upande mmoja na “Upinzani wapinga” upande wa pili, msomaji achague timu.

Aliyechagua timu ya pili huishia kukataa kila namba. Hapo anakosea. Ofisi hiyohiyo ya takwimu ndiyo iliyotangaza kwamba umaskini ulishuka kutoka asilimia 56.4 mwaka 1992/93 hadi 19.7 mwaka 2012/13, kisha ukapanda hadi 21.4 mwaka 2016/17, namba iliyoiaibisha serikali iliyowaajiri. Na ni wao waliosema asilimia 39 ya kaya zilikuwa bado zinazalisha kwa ajili ya tumbo tu, namba ambayo Mzee mwenyewe aliirudia kila aliposimama. Ukisema ni uongo, unajinyima silaha yako nzuri kuliko zote.

“Vision ni la serikali, Monitor ni la upinzani, kwa hiyo soma moja utupe jingine”

Umiliki ni kweli una uzito. Serikali ina zaidi kidogo ya nusu ya hisa za Vision Group, inayochapisha magazeti ya New Vision na Bukedde. Zilizobaki ziko sokoni tangu 2004. Monitor lilianzishwa 1992 na waandishi wenyewe, na tangu 2000 liko chini ya Nation Media Group ya Nairobi. Na shinikizo si hadithi: kati ya 1993 na 1997 serikali ililinyima Monitor matangazo yake, na Mei 2013 polisi walilizingira jengo lake kwa siku kumi. Machi 2023 likaja agizo la rais kwamba matangazo ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la taifa. Gazeti lisilo na matangazo linapunguza kwanza waandishi wa uchumi, kwa sababu hao ndio wanaohitaji siku nne kwa habari moja, ilhali mwandishi wa mkutano wa waandishi anarudi mchana na habari tayari, wakati mwingine na bahasha ya nauli.

Lakini tukio ambalo gazeti lilibadili uchumi wa watu wa kawaida halikuwa la kumtukana wala kumsifu rais. Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi wa pesa ambazo serikali kuu ilituma kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Wizara ikaanza kuchapisha magazetini, la serikali likiwamo, kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani walichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wamebishana kama sifa yote ni ya magazeti, maana kulikuwa na mageuzi mengine wakati huo. Hata ukikata nusu, bado ni jedwali kavu la namba, ukurasa wa ndani, lililofanya kazi ambayo wahariri wengi hawajaweza. Siku hizi jedwali kama hilo lingeshindwa na picha ya mbunge akisinzia Kololo wakati bajeti inasomwa.

“Pesa za parishi ni zawadi ya Mzee”

Si zawadi, na si zake. Mpango wa Maendeleo ya Parishi (ngazi ya utawala yenye vijiji kadhaa), uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, unalipwa na bajeti: shilingi milioni 100 kwa parishi, hadi milioni moja kwa mkopaji, riba asilimia 6 kwa mwaka, kupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wanaparishi. Ni mkopo, unatakiwa kurudi ili jirani naye apate. Lakini televisheni ikionyesha tu sherehe ya kukabidhi, na fulana za njano za chama tawala zikiwa nyingi uwanjani, nani ataamini kwamba anadaiwa? Entandikwa, mpango wa mikopo wa serikali wa miaka ya tisini, ilikufa kwa ugonjwa huohuo.

“Mzee ni mzuri, wabaya ni wanaomzunguka”

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na hata wapinzani wake wengine wanayo moyoni. Waziri akivurunda, tunasema laiti Mzee angejua.

Januari 2017 ilivuja orodha ya maofisa 42 wa serikali waliogawana shilingi bilioni 6 kama asante, kwa sababu Uganda ilikuwa imeshinda London kesi ya kodi ya mafuta dhidi ya kampuni ya Heritage, kesi ya zaidi ya dola milioni 400. Ni watu waliokuwa tayari wanalipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo. Watu wakasubiri Mzee awafukuze. Hakukana: alisema aliidhinisha mwenyewe, na akawatetea. Kamati ya Bunge iliyochunguza ilipendekeza pesa zirudishwe. Magazeti yalichapa majina, vyeo na kiasi alichopata kila mmoja, jina baada ya jina, na safari hiyo hakuna aliyezungumzia muhogo.