Swali la mzee wa Ngamiani: kwani wizara haina wataalamu?

Jioni moja barazani Ngamiani, mjini Tanga, tukinywa kahawa, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, wewe na wenzio mnaishauri serikali mambo ya nje. Kwani wizara haina wataalamu?"

Inao, tena wazuri. Wanachokosa ni muda. Ofisa wa wizara huamkia ziara ya waziri, hotuba ya kesho na barua ya ubalozi inayotaka jibu leo. Nani atakaa miezi sita akichambua mkataba mmoja? Kazi hiyo ndiyo yetu sisi wa taasisi za utafiti wa sera.

Nikampa mfano wa jirani. Mafuta ya Hoima, Uganda, yangeweza kupitia Kenya hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga: bomba la kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, likiishia Chongoleani. Kenya itaupokeaje uamuzi huo? Fidia ya ardhi je? Na benki za Ulaya zikijitoa, nani atakopesha? Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huo. Maswali kama hayo mtafiti huyaandikia majibu mapema, kurasa mbili tatu, kwa lugha ambayo waziri ataisoma garini. Maswali yenyewe yakishafika mezani kwake, umechelewa.

Chatham House, taasisi ya London ya utafiti wa mambo ya nje iliyoanzishwa 1920, ilituachia kanuni ya 1927 ambayo tunaitumia hadi leo: yatumie uliyoyasikia kikaoni, ila usimtaje aliyeyasema. Nimeona inavyofanya kazi. Ofisa aliyekuwa akisoma msimamo wa nchi yake neno kwa neno huifunga faili, akaanza kueleza pale unapovuja.

Linaloniuma ni fedha. Mfadhili mmoja aliwahi kututaka tuifute aya iliyohusu wavuvi. Tulikataa, na awamu ya pili hatukuipata. Tangu hapo nasisitiza jina la mfadhili liandikwe ukurasa wa kwanza wa kila ripoti, hata akiwa serikali yenyewe.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hao wavuvi, mliwauliza lini?"

Nilimjibu ukweli: baada ya rasimu ya kwanza. Utafiti wetu mpya wa bandari tumeuanzia ufukweni, na yeye ndiye aliyetupeleka kwa manahodha.