Mgeni wa Goma akifungua redio

"Ukiharisha, nenda kituo cha afya kilicho karibu." Matangazo mengi ya afya huishia hapo. Mama aliyefika jana kutoka maeneo ya Masisi au Rutshuru, akalala kwa familia iliyompokea mtaa wa Ndosho hapa Goma, mashariki mwa Kongo, bado hajaelekezwa kitu. Kituo kipi? Usiku kinafungua? Atalipa?

Watangazaji wa redio za mtaa waanzie kwenye maswali hayo. Taja mtaa, soko au kanisa lililo jirani na kituo, useme na gharama. Kiswahili kitangulie, Kinyarwanda na Kihunde vifuate, tena jioni, watu wakiwa nyumbani.

Kipindupindu hapa tunakijua. Julai 1994 kiliua maelfu kwa maelfu katika kambi za wakimbizi wa Rwanda kandokando ya Goma. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi, na wengi wanateka maji ya Ziwa Kivu. Pale ufukweni, mtu wa klorini huvuta dawa kwa bomba la sindano na kuitia ndani ya bidoni, yaani dumu la maji. Asiyezoea anaweza kudhani anatiliwa sumu. Aambiwe: dawa hiyo inaua vijidudu, asubiri dakika 30 ndipo anywe, na harufu kidogo isimtishe. Mimi ningemleta mtu wa klorini mwenyewe studioni kabla ya daktari. Wateka maji wanamjua kwa sura.

Kipimo nacho kisomwe polepole, kirudiwe. Anayeharisha apewe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja kwa chupa mbili za nusu lita za maji safi, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni. Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa maji hayohayo. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Halafu uvumi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wako walioamini ugonjwa umebuniwa ili watu wapate pesa, na mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kumcheka anayeuliza hewani ni kumfukuza. Wasio na yuniti za simu wapige bip, yaani iite na kukatwa, redio iwapigie. Mtangazaji asipojua jibu, aseme hivyo, amuulize daktari, arudi nalo kesho saa ileile.