Je, wajua kwa nini simu inakuwa nzito ikipigwa jua?

Pita Jamatini mchana wa mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa utosini, utamkuta dereva boda kafunga simu kwenye usukani, ramani imewashwa, chaja imechomekwa, kioo kinafifia chenyewe na ramani inastaki kila kona. Wenzake watamwambia simu ina virusi, au memori imejaa afute picha, na mwingine atampa app ya kupoza simu.

Picha hazihusiki hapo. Simu imepunguzwa spidi makusudi na keneli, ile programu ya ndani kabisa inayosimamia vifaa vyote, na kwenye Android keneli ni ya Linux, mfumo huru unaotumika pia kwenye kompyuta. App ya kupoza haina feni, inachoweza ni kufunga app zingine, kazi ambayo Android inaifanya yenyewe, halafu matangazo yake yanaongeza mzigo kwa simu ambayo tayari imechemka. Kuiweka kwenye friji ndo kuiumiza kabisa, maana ikitoka kwenye baridi unyevu wa hewa unaweza kugeuka matone ya maji ndani yake. Na anayesema simu mpya haifanyi hivyo naye hapana, Apple wenyewe wanaelekeza iPhone itumike kwenye hewa ya 0 hadi 35°C, na simu iliyo juani inachemka kuliko hewa inayoizunguka.

Ndani ya simu kuna vihisi joto kadhaa. Kwenye Linux kila kanda ya joto, yaani sehemu inayopimwa joto, ina faili lake, ukilisoma unakuta mfano 45000, yaani 45°C, kwa sababu joto linaandikwa kwa sehemu za elfu moja za digrii. Kila kanda ina vikomo vyake, kuna cha kuanza kushusha spidi na kuna cha hatari ambacho kikifikiwa mfumo unazimwa. Simu nyingi hazina feni, kwaiyo kupoa kwake ni kufanya kazi taratibu.

Sasa sikiliza, upande wa joto, yaani sehemu ya keneli inayosoma vihisi hivyo, hauchagui spidi. Anayechagua ni gavana, sehemu ya keneli inayoangalia kazi ni nyingi kiasi gani. Prosesa, chipu kuu ya simu, ina mfumo wake wa kupanga spidi uitwao cpufreq, na vifaa vingine kama chipu ya grafiksi vinaangaliwa na devfreq, ulioingia kwenye Linux 3.2 Januari 2012. Gavana mmoja wa devfreq, akiona kifaa kiko bize zaidi ya 90% ya muda, anakipeleka spidi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Hilo neno inayoruhusiwa ndo kazi ya upande wa joto. Chukulia basi linalotoka Dodoma kwenda Morogoro, likifika Kibaigwa linakuta kibao cha 50. Kibao hakimlazimishi dereva aende 50, akikuta lori la mahindi linageuza atatambaa, njia ikiwa nyeupe ataigusa 50, ila 80 haipati. Cha ajabu kibao cha keneli kinahama, joto likizidi kupanda kinashuka ngazi moja, likianza kushuka kinapandishwa tena, na hii inarudiwa muda wote. Ndo maana ukisoma meseji juani unaweza usihisi kitu, ila ukiwasha ramani au gemu unagonga dari papo hapo.

Na kinachonifurahisha zaidi ni hesabu yake. Spidi ikishushwa, volteji nayo inaweza kushushwa, na umeme unaoliwa unafuata volteji mara volteji mara spidi. Punguza vyote viwili kwa 20% tu, matumizi yanabaki kama nusu. Hesabu hiyo ni ya umeme wa kuwasha na kuzima swichi za chipu, kuna mwingine unaovuja tu, na huo unaongezeka kadiri chipu inavyopata joto, sababu nyingine ya keneli kuwahi mapema.

Vikomo vinapangwa na mtengenezaji, kwaiyo simu mbili kwenye jua moja zinaweza kutofautiana sana. Na kuna simu nzito kweli kwa sababu imejaa. Kujua ni ipi, chomoa chaja, itoe kwenye kava, iweke kivulini ipoe kabisa, ikirudi kuwa nyepesi lilikuwa joto, ikibaki nzito hata alfajiri yenye baridi, hapo nenda ukafute hizo picha.