Kuwakutanisha Vijana wa Israeli na wa Palestina: Dhana Potofu na Ukweli

Katika kazi yangu ya kufundisha wawezeshaji wa mijadala ya vijana, kuna ushauri ninaopewa mara kwa mara na wafadhili, walimu na wazazi wenye nia njema: "Wakusanyeni, wacheze mpira, wale pamoja, siasa iwekwe kando, nao watajionea kwamba wote ni watoto tu." Juma lililopita nimeusikia tena, na safari hii nimeona niujibu kwa maandishi.

Ushauri huo umejengwa juu ya imani kwamba vijana hawa huchukiana kwa sababu hawajuani. Lakini kijana wa Ramallah, mji wa Ukingo wa Magharibi, anamjua Mwisraeli: ni yule askari wa kituo cha ukaguzi anayeshika kitambulisho cha baba yake huku foleni ikirefuka. Kijana wa Sderot, mji wa Israeli ulio karibu na Gaza, naye anamjua Mpalestina kwa king'ora cha roketi na sekunde 15 za kukimbilia mahali pa kujificha. Kila mmoja anakuja kwenye kambi ya kuwakutanisha na ushahidi wa maisha yake mwenyewe, na hakuna mechi ya mpira inayoweza kuujibu. Isitoshe, wakirudi nyumbani, Mwisraeli akitimiza miaka 18 huenda akaitwa jeshini na kupangiwa kituo kilekile, ilhali mwenzake anahitaji kibali ili aingie Jerusalem. Ukiwakataza kuyasema hayo, unawafundisha kwamba urafiki huwezekana tu pale ukweli unapofichwa.

Wanaotetea mpira bila siasa hupenda kumtaja Gordon Allport, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1954 kwamba makundi yakikutana chuki hupungua. Husahau masharti aliyoyaweka: hadhi sawa wakati wa kukutana, lengo la pamoja, ushirikiano wa kweli, na kuungwa mkono na mamlaka au desturi. Kambini unaweza kujitahidi kuyatimiza, lakini usawa huo wa hadhi huishia uwanja wa ndege wanaporudi kwao, na kwa hiyo ni lazima kutokuwepo kwake nyumbani kuzungumzwe waziwazi. Watafiti Emile Bruneau na Rebecca Saxe walionyesha mwaka 2012 jambo ambalo kila mwezeshaji angepaswa kulijua: mitazamo ya Wapalestina kuhusu Waisraeli iliboreka zaidi waliposimulia magumu yao na kuona kwamba wamesikilizwa, na ile ya Waisraeli kuhusu Wapalestina iliboreka zaidi waliposikiliza. Siasa ikipigwa marufuku, Mpalestina ananyimwa kilekile ambacho kingemfungua moyo.

Ndiyo maana ninaheshimu utaratibu wa Shule ya Amani ya kijiji cha Neve Shalom, au Wahat al-Salam kwa Kiarabu, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kila kundi lina wawezeshaji wawili, Myahudi na Mwarabu, na vikao vya pamoja hufuatana na vikao ambavyo kila upande hukaa peke yake. Nawasihi waandaaji wasikate vikao hivyo vya peke yao hata bajeti ikibana, kwani humo ndimo kijana hupata ujasiri wa kukiri shaka ambayo asingethubutu kuitamka mbele ya upande wa pili.

Dhana nyingine ni kwamba Kiingereza, kwa kuwa si lugha ya yeyote kati yao, kinawatendea wote haki. Hakiwatendei. Kinampendelea aliyesoma shule nzuri, na uchungu unaosemwa kwa lugha ya kigeni hufika ukiwa umepooza. Wekeni wakalimani wa Kiarabu na Kiebrania.

Wengine husema programu hizi zimeshindwa kwa kuwa vita havijaisha. Kambi ya kwanza ya Seeds of Peace, shirika linalowakutanisha vijana wa pande zinazogombana, iliyofanyika jimboni Maine, Marekani, mwaka 1993, ilikuwa na vijana 46; kuwadai vijana 46 kile ambacho serikali zimeshindwa kukileta tangu makubaliano ya amani ya Oslo ya mwaka huohuo ni kuwaonea.

Dhana ya mwisho huniumiza: kwamba kambi ikifungwa, kazi imekwisha. Oktoba 2000, kijana wa miaka 17 aliyepitia kambi ya Seeds of Peace, Mpalestina raia wa Israeli, aliuawa na polisi wa Israeli akiwa amevaa fulana ya kambi, na rafiki zake wa pande zote mbili wakalazimika kuomboleza ndani ya jamii zilizokuwa zikitazamana kwa hasira. Watafiti Jane Risen na Juliana Schroeder, waliowafuatilia vijana wa kambi hiyohiyo, waliona mitazamo mizuri ikipungua kiasi baada ya kurejea nyumbani, na ikidumu zaidi kwa wale waliopata walau rafiki mmoja wa karibu kutoka upande wa pili. Kwa hiyo mfadhili anayenijia na picha za vijana waliokumbatiana kando ya ziwa, mimi humwuliza kwanza amelipia mikutano mingapi ya mwaka unaofuata, na kama Mpalestina atapata kibali cha kuihudhuria.