Makali hutoka kwenye jiwe la kwanza

Wembe wa zamani wa kukunja ukifika mezani kwangu, mara nyingi huwa umekufa kabisa. Hata yule mtoto wa methali anayelilia wembe, ungempa huu achezee kutwa nzima asipate mkwaruzo. Mwenye wembe naye huwa ameshahangaika: kanunua jiwe laini la bei mbaya, kasugua jioni nzima, chuma kinang'aa kama kioo, na bado ndevu hazitoki. Anauliza kama atafute jiwe laini zaidi. Namjibu arudi kwenye jiwe la kwanza, lile la chembe kubwa alilolipita mbio.

Lakini kwanza tuukague, maana si kila wembe unafaa kupotezewa muda. Kutu ya ubavuni haina neno. Vishimo vya kutu kwenye ukingo wa makali ndivyo vya kuogopa, kwa sababu kishimo huwa kimeingia ndani kuliko kinavyoonekana: unanoa, unakifikia, makali yanamong'onyoka hapo hapo. Gonga bapa taratibu kwa ukucha. Wembe mzima hulia kama kengele ndogo. Wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tazama na mpini. Seluloidi, plastiki ya zamani, ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na dalili yake ni kutu iliyoshika sehemu ile tu inayolala ndani ya mpini. Huo mpini utoe, la sivyo utanoa leo na kutu itarudi kesho.

Ukiona shingoni, pale kati ya bapa na mpini, pameandikwa Sheffield au Solingen, miji ya watengeneza nyembe, na kando yake jina la nchi, England au Germany, yaelekea wembe ulitengenezwa baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kutaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Habari hii haikusaidii kunoa hata chembe. Mimi huipenda tu.

Sasa, watu huogopa wembe kuliko kisu, na kwa kunoa ni kinyume chake. Kisu unakishikilia wewe mwenyewe kwa pembe fulani, na mkono ukitetereka pembe imepotea. Wembe umekuja na pembe yake: unaulaza jiweni, mgongo unagusa, makali yanagusa, basi. Unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua, na kwa nyembe nyingi pembe yote huwa kama nyuzi 16 hadi 18. Kazi yako ni kutoinua mgongo, hata mara moja. Mgongo nao hulika, kwa hiyo mimi huubandika tabaka moja la utepe wa fundi umeme. Ukianza na utepe, maliza na utepe. Ukiutoa katikati umebadilisha pembe, na jiwe linalofuata halitagusa makali.

Jiwe liwe bapa kweli kweli. Lichore miraba kwa penseli, lisugue kwenye msasa wa maji uliotandazwa juu ya kioo kinene, mpaka mistari yote ifutike. Liko tayari.

Namba ya jiwe ikipanda, chembe zake zinakuwa ndogo. Jiwe la 1000 lina chembe za kama maikroni 15 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), la 8000 karibu maikroni 2. Kwenye 1000 ndiko tunakotengeneza mishazari miwili myembamba, yaani miteremko inayoshuka kwenye makali, mmoja kila upande, mpaka ikutane kwenye mstari mmoja kutoka kisigino cha wembe, upande wa mpini, hadi ncha. Isipokutana, hakuna makali, na mawe yote yanayofuata yatakuwa yanang'arisha mabega ya kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kuanza hufanya jambo linalowashtua wengi: napitisha makali mara moja, bila kukandamiza, kwenye ukingo wa glasi, niyaue yote. Kisha nauinua wembe chini ya taa, makali yakinielekea. Panaonekana uzi mweupe unaomeremeta. Huo ndio ubutu, na sasa nauona wote. Makali ya kweli hayarudishi mwanga, kwa hiyo nitanoa mpaka ule uzi utoweke, na palipobaki hata nukta moja nyeupe najua kazi haijaisha.

Mwendo ni huu: makali yanatangulia, kana kwamba unachana utando mwembamba juu ya jiwe. Kwa kuwa wembe mara nyingi ni mrefu kuliko upana wa jiwe, unaanzia kisigino na kumalizia ncha, ukiuvuta kwa mshazari. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuubiringisha juu ya mgongo. Kidole kimoja tu juu ya bapa. Ukikandamiza, chuma chembamba kinapinda na makali yananyanyuka bila wewe kujua.

Tazama maji. Mwanzoni wembe hupita juu yake na matone hupenya chini ya makali, sehemu hii na ile. Baadaye, mishazari inapokaribia kukutana, maji yaliyo mbele ya makali yanaanza kupanda juu ya bapa, kwanza katikati, kisha kisigino, ncha mwisho. Yakipanda kwa urefu wote kama kipazia, umekaribia. Ukiwa na shaka, paka wino wa kalamu ya maka kwenye mshazari, pitisha mara mbili, uone wapi wino umebaki. Kipimo cha mwisho ni nywele za mkono: wembe uliotoka kwenye 1000 peke yake unapaswa kuzinyoa, kisigino, katikati na ncha. Ukikataa sehemu moja, rudi. Inaweza kuchukua dakika 20, inaweza kuchukua saa mbili. Wembe kibogoyo, wenye mapengo, huchukua zaidi.

Hili nililijua kwa shavu langu. Wembe wangu wa pili niliupitisha mawe yote manne kwa saa moja, nikajiona bingwa. Nilipoanza kunyoa, upande wa ncha ulikwenda vizuri, upande wa kisigino ukawa unang'oa. Siku mbili shavu liliwaka. Nilipoutazama kwa lenzi, karibu sentimita moja ya mwanzo mishazari haikuwa imekutana kabisa. Iling'aa vizuri sana lakini.

Mawe ya kati hayana hadithi ndefu. Kwenye 4000 unafuta mikwaruzo ya 1000, kwenye 8000 unafuta ya 4000, kwenye 12000 uzito wa wembe wenyewe unatosha, mkono unauongoza tu. Wapo wanaomalizia kwa koticule, jiwe la asili la rangi ya siagi kutoka milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo chembe zake ni za ganeti, madini magumu. Ni jiwe zuri na la polepole. Halitakuokoa kama 1000 hukuimaliza.

Kisha ukanda wa kunolea, wenye kitambaa na ngozi. Hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata, na mwishoni wembe unabiringishwa juu ya mgongo kabla ya kurudi. Ukisahau ukatanguliza makali, umekata ngozi. Ukanda wangu wa kwanza una makovu matatu. Uvute ukaze, maana ukilegea makali yanajiviringa. Mara 20 kwenye kitambaa cha kitani, mara 50 kwenye ngozi, taratibu. Kasi ya sinema waachie wenye sinema.

Watu hupenda kuning'iniza unywele na kuukata hewani. Mimi hufanya hivyo nikitaka kufurahi, lakini unywele mnene hukatika hata kwa wembe wa wastani, na ule laini hukwepa wembe mzuri. Uso ndio unaoamua. Laza wembe kwa kama nyuzi 30, vuta ngozi kwa mkono mwingine, anzia shavuni. Ukisikia unavuta, usisugue kwa nguvu. Pumzisha uso, rudi 12000, kisha ukanda.

Ukimaliza, ukaushe mpaka ndani ya shingo, maana nyembe nyingi za zamani ni za chuma cha kaboni na zinashika kutu usiku mmoja. Uache wazi kwa saa chache kabla ya kuukunja. Ukanda kila kabla ya kunyoa utaushikilia miezi kadhaa, na ukianza kuvuta, mapito machache kwenye 12000 yanatosha. Isipokuwa kama uliugonga kwenye bomba wakati wa kuusuuza, kama nilivyofanya mimi mara mbili. Hapo toa jiwe la 1000, chemsha chai, tuanze upya.