Shingo ya chupa si kikwazo

Katika kikao kimoja cha uzalishaji, msimamizi wa idara alisimama akatangaza kwamba idara yake ina "shingo za chupa" saba. Akaanza kuzihesabu kwa vidole: umeme kukatika, vipuri kuchelewa, watoro wa zamu ya usiku, stoo kubanana, fomu nyingi mno. Nilivumilia mpaka ya tano. Ya sita ilikuwa mashine moja chakavu, na ya saba, nisamehewe kwa kucheka, ilikuwa kushuka kwa moyo wa kazi.

Chupa yenye shingo saba sijawahi kuiona. Wala si yeye peke yake. Neno hili siku hizi linabandikwa kwenye kila jambo linaloudhi, kama lilivyobandikwa neno "changamoto" kabla yake, na likishabandikwa kila mahali halimsaidii tena mtu aliyesimama kiwandani akitaka kujua aanzie wapi.

Maana yenyewe haina urefu. Shingo ya chupa, ile "bottleneck" ya Kiingereza, ni ile hatua ya kazi ambayo uwezo wake, ukipimwa dhidi ya mzigo inaoletewa, ni mdogo kuliko wa hatua nyingine zote. Kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kiwanda kizima kitatoa kiasi gani. Basi. Umeme kukatika ni tatizo, na pengine ni tatizo kubwa, lakini si hatua ya kazi na halina uwezo wa kupimwa kwa jozi au kwa tani kwa saa.

Ninachokitilia shaka zaidi ni mazoea ya kulitafsiri neno hili kuwa "kikwazo", kisha kuendelea kana kwamba hakuna kilichopotea njiani. Kimepotea kingi. Kikwazo kinatokana na kukwaa, kile kitendo cha mguu kugonga kisiki. Anayejikwaa amegonga kitu ambacho hakikupaswa kuwapo njiani: jiwe, mzizi, ndoo aliyoiacha mtu. Dawa ya kikwazo ni kukiondoa, na kikiondoka njia inabaki nyeupe. Ndiyo maana meneja akisikia "kikwazo" hutafuta cha kung'oa, au wa kung'olewa, na mara nyingi anayeponzwa ni fundi wa watu aliyekaa kwenye ile hatua.

Shingo si jiwe lililoangukia ndani ya chupa. Ni sehemu ya chupa. Taswira hii tumeichukua kwa Waingereza, na wao waliitumia kwa barabara inayobana ghafla kabla ya kuipeleka viwandani, lakini hata asiyejua habari hiyo anaweza kuielewa kwa kumimina mafuta. Panua kitako cha chupa upendavyo, kifanye kama mtungi, mafuta yatatoka kwa kasi ileile. Ni upana wa shingo unaosema. Na ukiikata shingo yote hutabaki na chupa bora. Una bilauri, na mwenye kumimina kutoka kwenye bilauri anajua anachomwaga pembeni. Hilo la bilauri nitalirudia.

Kuna na neno la tatu linaloingizwa humohumo, "msongamano". Hili walau lina undugu na jambo lenyewe, ila ni dalili yake. Rundo la kazi zinazosubiri linakaa mbele ya shingo, halikai ndani yake. Watu huona rundo wakalishughulikia rundo: wanaongeza rafu, wanaongeza vitoroli, wanajenga stoo ya pili. Ni kama kumpa mgonjwa wa homa shuka jingine.

Tuchukue kiwanda cha viatu cha kubuni. Wanaokata ngozi wanatoa jozi 60 kwa saa, wanaoshona 40, wanaobandika soli 55, wanaofungasha 90. Kiwanda kinatoa 40. Kila saa jozi 20 zilizokatwa zinabaki zikisubiri cherehani, na baada ya zamu ya saa 8 ziko 160 sakafuni. Sasa nunua mashine mpya ya kukatia inayotoa 100. Gazeti la kampuni litaandika kwamba ufanisi umepanda. Kiwanda bado kinatoa 40, ila jioni sakafuni kuna jozi 480, ngozi imeshalipiwa, na mtu wa kubandika soli hapati pa kupita.

Makosa mengine yanayofanana na haya ni kudhani kwamba shingo ni mashine iliyo polepole kuliko zote. Tuseme kiwandani humo ipo mashine ya kutoboa matundu ya kamba inayomudu jozi 15 tu kwa saa, lakini ni jozi moja kati ya kila kumi inayohitaji matundu. Zikipita jozi 40 kwa saa, inaletewa nne. Ni ya mwisho kwa kasi, na sehemu kubwa ya siku inalala. Ndiyo maana pale kwenye maana nilisema "ukipimwa dhidi ya mzigo", maneno ambayo wengi huyaruka wakisoma.

Saa ya kazi nayo haina thamani moja kila mahali. Wafungashaji wakisimama saa nzima, jozi 40 zinarundikana kwao. Wakirudi kazini wana nafasi ya ziada ya jozi 50 kwa saa, kwa hiyo dakika 48 zinatosha kulimaliza rundo, na mwisho wa siku hakuna atakayejua kwamba walisimama. Cherehani zikisimama saa hiyohiyo, jozi 40 zimekwenda moja kwa moja. Kiwanda kizima kimesimama saa moja, hata kama kila mtu mwingine alikuwa akitoka jasho. Ukishalielewa hili hutahitaji kufundishwa mengine mengi: utawapa washonaji watu wa kuwapokea wakati wa chakula ili cherehani zisizime, utahamisha ukaguzi wa ngozi uwe kabla ya kushona badala ya baada, maana ngozi yenye kasoro ikishashonwa imekula dakika za shingo ambazo hazirudi, na fundi wa matengenezo atajua ni simu gani aikimbilie kwanza.

Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyepata jina miaka ya 1980 kwa nadharia yake ya vizuizi, alipanga kazi hii katika hatua tano: itafute shingo, itumie mpaka tone la mwisho kabla hujatoa hela ya kununua chochote, vingine vyote vifuate mwendo wake, ndipo uipanue, na ikishahama, rudi mwanzo. Watu wengi hutoka ya kwanza wakarukia ya nne, kwa sababu kununua mashine kuna sherehe. Ya tatu ndiyo chungu. Inamtaka mkataji anayeweza kutoa 60 atoe 40 na kitu, kisha asimame. Asimame kweli, mikono mitupu, bosi akimwona! Goldratt aliielezea kwa mfano wa ngoma na kamba: shingo inapiga ngoma, na walio mbele yake wanafungwa kamba wasiitangulie mno, huku akiba ndogo ikiwekwa mbele ya shingo ili isikose kazi. Akiba ndogo, si mlima.

Hapo ndipo tunapokutana na upotevu, na pia udhia wangu wa pili. Viwandani kumejaa mabango ya "Tupunguze taka", na mara nyingi bango limetundikwa juu ya pipa. Taka ni kinachofagiliwa. Upotevu unaozungumzwa na wataalamu wa uzalishaji kwa sehemu kubwa haufagiliki, maana hauonekani. Neno la Kijapani wanalolitumia watu wa Toyota ni muda. Ndiyo, muda, linaandikwa na kusomwa karibu sawasawa na letu, ingawa hayana ujamaa wowote. La kwetu limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kunyoosha au kurefusha kitu. La kwao lina maana ya kitu kisicho na faida, kazi bure. Lina wenzake wawili, mura, yaani kwenda kwa kupanda na kushuka, na muri, kumtwisha mtu au mashine kuliko inavyomudu. Nimemwona mkufunzi akiandika "punguza muda" ubaoni, akimaanisha upotevu, na darasa zima likaelewa "fanyeni haraka". Wakaenda wakaongeza kasi kila mahali. Ni kinyume kabisa cha alichotumwa kufundisha.

Taiichi Ohno, aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, aliorodhesha aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha, kufanya kazi isiyohitajika juu ya bidhaa, kuweka akiba nyingi, mizunguko ya bure ya mwili, na kasoro. Angalia kipi amekilaani zaidi ya vyote: kuzalisha kupita mahitaji, kwa kuwa ndicho kinachozaa vingine. Jozi 480 zilizo sakafuni zimesubiri, zimehamishwa mara tatu, zimechukua nafasi, na kama mkataji alikosea kipimo asubuhi, kosa hilo litagunduliwa baada ya mamia kukatwa vivyo hivyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia kwenye pipa.

Kwa bahati maneno haya mawili yaliyogongana, muda wa kwetu na muda wa kwao, yanaonana mahali fulani. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwa hesabu uhusiano mwepesi mno: wingi wa vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja hukaa ndani. Kiwanda chetu kikiwa na jozi 400 njiani na kikiingiza na kutoa 40 kwa saa, jozi moja hukaa ndani kwa wastani wa saa 10. Zikiwa 800, saa 20. Mteja anasubiri mara mbili, na hakuna aliyefanya kazi polepole zaidi. Muda wa Kijapani umegeuka muda wa Kiswahili.

Na kwa kuwa tumeshaingia kwenye maneno pacha, aliyefanya kazi kubwa ya kupanua shingo huko Japani alikuwa mhandisi aitwaye Shigeo Shingo. Sijabuni. Kwenye kiwanda cha Toyota mwaka 1969 palikuwa na mashine ya tani 1,000 ya kukandamiza chuma iliyochukua saa nne kubadilishiwa kalibu. Ilishushwa kwanza hadi dakika 90, kisha wakuu wakataka dakika tatu, na dakika tatu zikapatikana. Siri kubwa ilikuwa kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanyika ikiwa bado inafanya kazi: kuleta kalibu karibu, kutafuta spana, kusafisha. Kumbe sehemu kubwa ya saa nne mashine ilikuwa ikimsubiri mtu aliyekwenda kutafuta boliti. Mashine hiyo ikiwa ndiyo shingo, umepata uwezo mpya bila kununua chuma. Ikiwa si shingo, umepata fundi mwenye nafasi ya kupumzika, jambo zuri pia, lakini kiwanda hakitatoa hata kimoja zaidi.

Nilisema nitairudia bilauri. Wapo wanaosikia haya yote wakaamua kusawazisha: kila hatua itoe 40 kamili, shingo isiwepo. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye sakafu, mtu mmoja leo atatoa 36 na kesho 44. Anayemfuata akipokea 36 hawezi kutoa 44 siku hiyo, na akiletewa 44 naye uwezo wake ni 40, nne zinakaa. Uchelewaji unapokezanwa kutoka mkono hadi mkono. Uwahi unaishia kwenye rundo. Kiwanda kilichosawazishwa mpaka kila mtu ana uwezo sawa hutoa chini ya 40. Ni afadhali shingo moja unayoijua, umeichagua mwenyewe iwe mahali pazuri pa kuisimamia, na walio kando yake wana nafasi kidogo ya kufidia.

Hata ukiipanua, itahama. Washonaji wakifika 70, shingo inakwenda kwa wabandikaji soli, kwenye 55. Ukipanua hapo, inarudi kwa wakataji, kwenye 60. Ukiendelea hivyo siku moja utaikuta nje ya geti: kiwanda kinaweza 90, oda ni 50. Hapo anayehitaji msaada ni muuzaji, na kila saa ya ziada utakayowalipa mafundi inanunua upotevu.

Kwa hiyo ndugu yangu msimamizi, na nakuambia kwa heshima kwa sababu orodha yako ilikuwa ya kweli hata kama jina lake halikuwa sahihi: umeme, vipuri na utoro ni vikwazo, viite hivyo. Kisha tembea sakafuni saa kumi jioni utazame rundo kubwa limekaa mbele ya nani, na nani aliye nyuma yake amekaa akisubiri kazi. Aliye katikati yao ndiye wa kuanza naye. Umeme ukikatika, jenereta iende kwake kwanza.