Diski pacha si nakala ya akiba

Kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hadi ofisi za katikati ya jiji la Mwanza utasikia kwamba seva (kompyuta ya kuhifadhia data za ofisi) yenye diski mbili zinazoandika data ileile haihitaji nakala ya akiba, yaani nakala inayotunzwa kando. Si kweli. Upacha huo wa diski hukinga jambo moja tu: kufa kwa diski moja. Ukifuta faili, linafutika kote papo hapo; radi ikipiga, zote mbili zimo kwenye kasha lilelile.

Diski moja ikifa, tafadhali usikimbilie kufunga mpya. Iliyobaki mara nyingi ina umri uleule, na kujenga upya pacha huilazimu isomwe yote, kazi ambayo inaweza kuiua nayo. Kwanza nakili data kwenye diski ya nje. Kisha hakiki namba ya utambulisho (serial number) ya diski iliyokufa kabla ya kuchomoa chochote. Mpya isiwe ndogo kuliko iliyobaki.